Twiga Niliyemlowesha Maji

Siku yangu ya kwanza kazini niliondolewa mezani hata chai ya saa nne haijaiva. Nilikuwa binti wa Lushoto, nimetoka kujifunza uchoraji wa ramani, na nilijiona fundi kwelikweli. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na idara ya mambo ya kale ilihitaji watu wa kunakili michoro ya mapangoni. Mhifadhi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya mchungaji, alinipa picha ya mwamba uliochorwa mtu mwenye mguu mmoja, akaniambia ninakili. Nami kwa huruma zangu nikamwongezea wa pili.

"Huu umeutoa wapi?" akauliza.

"Mzee, mtu hawezi kusimama vile."

"Amesimama vile tangu babu yako hajazaliwa. Hapa hatuchori, binti. Tunanakili. Nenda kanywe chai, ukirudi uje na macho."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nililia chooni, sitawaficha. Lakini nilirudi.

Nilipelekwa Kondoa, na huko ndiko nilikojifunza kazi. Tulibandika karatasi ya plastiki angavu kwa kingo zake, penye mwamba mtupu, tukafuata mistari kwa kalamu laini. Palipokuwa na giza, mmoja wetu alishika kioo nje ya pango akaturushia jua. Mchoro uliopita juu ya mwenzake ndio mdogo kwa umri; hilo tuliliandika daftarini. Wengine walichimba chini ya ukuta, na wakikuta rangi iliyodondoka ikafukiwa na mkaa wa moto wa kale, umri wa mkaa uliwapa fununu ya umri wa rangi. Yote ni ya subira. Mwenye haraka akauze nyanya.

Mwalimu wangu mkubwa alikuwa Mtaalamu mgeni aliyekuwa amefanya kazi Australia, kwenye mapango ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa kule. Alituonyesha picha za viganja. Mtu aliweka mkono mwambani, akapuliza kwa kinywa udongo mwekundu uliochanganywa na maji. Alipoutoa mkono, umbo la kiganja likabaki. Wengine walikuwa watoto, vidole vyao vyembamba kama maganda ya maharage. Jamani! Mtu aliyekufa zamani zisizohesabika, na bado anakupungia mkono.

"Kule," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "kabla ya kufungua daftari, tafuta mwenye pango. Uliza yeye. Mwamba hausemi yote."

Niliandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri, nikayasahau.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ikaja. Siku moja Mhifadhi Mkuu akaniita: pango limeonekana kwetu Usambara, kwenye miteremko inayotazama tambarare ya Mombo, na kijiji kipya kinataka kulivunja kipate mawe. "Nakuja siku ya nne," alisema. "Nionyeshe nakala na unionyeshe mwamba. Nikiviona vyote viwili, naandika barua pango lisiguswe."

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Mawe alitaka ya zahanati. Mtoto wa kaka yake alikuwa amefia njiani, akibebwa kwenye machela kwenda hospitali Bumbuli. "Picha haitibu homa, dada," aliniambia. Ungemjibu nini?

Kando ya pango palikuwa na shamba la Mama Mbelwa, mjane ambaye ukoo wa mumewe ulilitunza pango lile, naye ndiye aliyelifagia. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikapita na vifaa vyangu. Niliona niko nyumbani, tena naongea Kishambaa. Mtu wa nyumbani aulize nini?

Ukutani palikuwa na twiga mmoja, amefifia kama doa la chai. Siku mbili nilikodoa macho, nikapata shingo tu. Siku ya tatu asubuhi nikafanya lile ambalo kila mnakili hukatazwa: nikachukua ndoo na kitambaa, nikaulowesha mwamba. Loo! Twiga alitoka mzima, mwekundu, masikio na mkia, na watu watano wembamba nyuma yake. Nilinakili huku naimba pambio. Mama Mbelwa alisimama shambani na jembe lake, akinitazama.

Kesho yake ukuta ulikuwa mweupe. Maji yaliingia ndani ya mwamba, na yalipokauka yakaivuta chumvi mpaka juu ya rangi. Nilifuta kwa kiganja, haikutoka. Nikaketi chini.

Mhifadhi Mkuu akafika na Mwenyekiti. "Twiga yuko wapi?"

"Si nilisema?" Mwenyekiti akadakia. "Amejichorea mwenyewe."

Ningeweza kusema mvua imepiga upande ule. Nikasema kweli, kwa kilio. Mhifadhi Mkuu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinipa kalamu yake ya wino. "Andika hapo hapo kwenye nakala. Ulichofanya, na jina lako." Nikaandika: Nililowesha mwamba. "Nakala peke yake haitoshi," akasema taratibu. "Sina la kuandikia barua."

Ndipo Mama Mbelwa akaja, kafunga kanga kiunoni. "Mnamlilia mmoja tu?" Akatupeleka nyuma ya kichaka, penye uwazi wa kuingia kwa kutambaa. Mwenyekiti akawasha tochi, akamulika darini. Twiga! Kundi zima, shingo kwa shingo, na kila shingo imevutwa kwa mstari mmoja usiotetereka. Aliyezivuta alilala chali kwenye giza, na mkono wake haukukosea. Sijapata kuona ufundi wa namna ile.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniamkia vizuri, mwanangu. Lakini hukuniuliza. Na nilipoona ndoo, nikasema hawa wengine nawaficha."

Mwenyekiti alivua kofia. "Basi mawe tutayafuata mtoni," akasema. Mtoni ni mbali na kupanda ni kukali. Nilibeba nami, wiki nzima, mpaka mabega yakachubuka, na zahanati ikasimama.

Nimestaafu sasa. Vijana wa leo wana kompyuta inayokoza rangi kwenye picha bila mtu kugusa mwamba, nami nawaonea wivu wa heri. Twiga wangu amebaki kwenye nakala tu, na pembeni yake kuna maneno yangu ya wino. Bado yananiuma.

Mwaka jana nilipanda tena. Mkaza mwana wa Mama Mbelwa ndiye anayefagia siku hizi. Nilipiga hodi, akaniamkia, nikamwuliza kama naruhusiwa kuingia pangoni.

"Bibi, si unalijua kuliko sisi?" akacheka.

"Ndiyo maana nauliza," nikamwambia.