Kamba Nilifunga Mie, Lawama Nikamtwika Hamza

Nimekosa! Naanza na hilo kabla ya mzaha wowote, maana mie nikianza na mzaha watu hucheka, wakishacheka wananisamehe, na safari hii sitaki kusamehewa kwa njia ya mkato.

Mie ni mwanafunzi wa sekondari, naishi Tabata. Jina siandiki, kwa sababu bi mkubwa nyumbani anapenda sana kusoma mambo ya watu, na mwiko wake wa ugali una matumizi mengi. Huyu nitakayemwita Hamza naye haitwi Hamza. Mengine yote ni kweli tupu.

Hamza alikuwa rafiki yangu tangu tunaogeshwa beseni moja. Shuleni dawati moja, mtaani timu moja. Yeye golikipa, mie mtoa maneno nyuma ya goli.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mtoto wa mama yangu mkubwa anauza kwenye duka la mahema na mabegi Kariakoo. Siku moja akaniletea bunda la parakodi, ile kamba nyembamba ya nailoni waliyoanza kuitumia kwenye miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Nje ina ganda lililosukwa, ndani nyuzi saba nyeupe. Jamani, niliipenda ile kamba kuliko vitabu vyangu vyote, ingawa hiyo si sifa kubwa kwa kamba.

Ilifanya kazi, siwadanganyi. Niliunga mkanda wa begi uliokatika. Nilitundikia chandarua. Nilichomoa uzi wa ndani nikashonea mpira. Nilikata kamba za viatu, vyangu na vya Hamza, na vyake nikawa namfungia mwenyewe kila asubuhi shuleni, maana fundo lilikuwa linamshinda tangu chekechea. Nikasuka na bangili nikawagawia madada wa kidato cha pili. Wakaniita Injinia. Kichwa kikavimba!

Siku ya skauti nikaipeleka shuleni. Mwalimu wetu wa skauti ni mama mmoja mrefu, akiongea anainua kidole kama vile yeye ndiye anaomba kujibu swali. Akaishika, akaivuta, akaikunja.

"Kamba nzuri hii," akasema. "Kufungia hema, kukaza turubai mvua ikija, kuanikia nguo kambini, kufungashia kuni. Ni ya kufungia vitu. Mtu si kitu, mmenielewa?"

Mie nipo nyuma yake, kidole juu, nachezesha midomo. "Mtu si kitu, mmenielewa?" Hamza akapasuka kicheko mpaka akajishika mbavu. Mwalimu akaendelea kueleza jambo jingine, wenzetu wakasikia. Sie wawili tulikuwa tunacheka.

Hicho kicheko kimetugharimu, loh!

Isitoshe mie nilishafanya utafiti wangu. Kwenye karatasi ya bunda paliandikwa 550. Nikasema hizo kilo! Nikaifunga kwenye mwamba wa goli, nikaning'inia. Hamza naye akanining'inia mgongoni. Kamba kimya. Haikulia hata kidogo. Nikamwambia, "Umeona? Mwalimu anaishi zama za kamba za mkonge."

Nyuma ya mtaa wetu kuna korongo. Mvua zikikata linabaki kavu, limejaa vifusi na takataka. Uwanja wetu wa mpira uko ng'ambo, na kufika huko lazima uzunguke mpaka darajani. Nikatangaza kwamba enzi za kuzunguka zimekwisha.

Upande wetu, ambao uko juu kidogo, kuna mwarobaini. Ng'ambo kuna nguzo ya zege ya uzio ambao haujawahi kumalizika. Nikaipitisha parakodi mara nne, nikaikaza mpaka ikawa inalia kama waya wa umeme. Kisha nikakata kipande cha kamba ileile, nikatengeneza kitanzi, nikakipachika juu, nikafungia kipande cha mti cha kushikilia. Unashika, unajiachia, unateleza mpaka ng'ambo. Treni!

Hamza akaitazama.

"Wee, inabeba hii?"

"550, kaka! Wewe na viatu vyako hamfiki sitini. Hapa anavuka ng'ombe na mkia wake."

"Basi aanze ng'ombe."

"Ng'ombe kasafiri. Anza wewe, u mwepesi."

Hapo ndipo nataka mnisikie vizuri. Sikumtanguliza kwa sababu ni mwepesi. Nilikuwa nimeshachungulia chini. Niliogopa! Nikamtanguliza rafiki yangu mahali ambapo mie mwenyewe niliogopa kwenda, nikalifunika kwa utani.

Hamza akashika mti, akajiachia. Akapiga ukelele wa furaha, nami nikapiga. Alipofika katikati nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Bado nacheka! Halafu kitanzi kikaachia.

Hakupiga kelele wakati anaanguka. Mlio niliousikia ni wa chini, kwenye vifusi, na sitaki kuuandika.

Nilishuka kwa makalio. Nikamkuta amelala ubavu, mkono wake wa kulia umekaa vibaya, kama si wake. Kijana mmoja anayeosha bodaboda pale darajani akaja mbio, povu bado mikononi. Akaangalia juu, akaona kamba.

"Nani kafunga upuuzi huu?"

Na mie, Injinia, mtoa maneno, nikajibu haraka kuliko nilivyowahi kujibu swali lolote darasani:

"Yeye! Mie nilimkataza!"

Hamza alikuwa macho. Alinisikia. Akanitazama tu. Nikangoja aniumbue, aseme huyu mwongo. Akafumba macho.

Mungu wangu!

Mkono ulivunjika juu na chini ya kiwiko. Hospitali waliufunga plasta, baadaye wakaufungua, lakini hadi leo haunyooki. Golikipa asiyenyoosha mkono, hebu fikirini.

Jambo lililonimaliza ni Mama Hamza. Ni fundi cherehani, mwenyeji wa hapahapa Dar tangu mababu, mtu wa maneno laini. Siku ileile alinishika mashavu mbele ya watu. "Ahsante mwanangu, we angalau ulimkataza. Huyu wangu sijui kichwa kaacha wapi." Aliporudi kutoka hospitali akanipeleka kwake, akanipakulia wali wa nazi na samaki. Nami nikala! Nikaongeza na mchuzi!

Nilikwenda wodini kumtazama Hamza. Mama yake alikuwepo. Nikapiga stori, nikaiga muuguzi anavyotembea, nikaiga nzi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Hamza akageukia ukutani.

Alipotoka, mama yake akaamua hafai kubaki Tabata. "Hapa mtaani anaharibika, anajifungiafungia makamba." Akampeleka kwa mjomba wake Tegeta, akaanza shule hukohuko. Mtoto kahamishwa nyumbani kwao kwa kosa langu, na mie nimesimama kibarazani nawasaidia kupakia godoro!

Ndugu zangu, ukiwa peke yako hata dawati linakuwa refu. Mwanzoni nilijitanua, nikaweka begi upande wake, nikasema afadhali nafasi. Baada ya muda begi likawa linanikera. Nikalishusha chini. Upande ukabaki mtupu hivyohivyo.

Mizaha nayo ikafa. Nilikuwa nikitoa kichekesho, darasa linanitazama kama nasoma tangazo la ada. Nilikaa nikawaza kwa nini. Kumbe sikuwa nachekesha kihivyo! Hamza ndiye alikuwa anaanza kucheka, na kicheko chake ndicho kilikuwa kinaambukiza wengine. Mie nilikuwa nabebwa tu.

Jioni nazunguka darajani kwenda uwanjani, nafika, wanacheza, kuna golikipa mwingine. Nakaa nyuma ya goli. Yule golikipa mpya hanijui, nikisema neno anadhani namtukana. Narudi. Nyumbani nashika simu, namwandikia Hamza, nafuta. Namwandikia tena. Namtumia vichekesho. Tiki zinageuka bluu. Anaona. Hajibu. Bora hata angenitukana!

Siku moja nikachukua kile kitanzi, nilikuwa nimekiokota korongoni nikakificha chini ya godoro, nikampelekea mwalimu wa skauti. Nikamwambia nataka kujua tu kwa nini kilikatika, wakati kule golini kamba ilitubeba wawili.

Akakinusa. "Hiki hakijakatika. Kimeungua. Nailoni ikisugua nailoni kwa mwendo, sehemu iliyotulia inapata moto, inayeyuka, inaachia. Ndiyo niliwaambia siku ile. Kamba isiteleze juu ya kamba."

Ile ndiyo sentensi iliyotupita tukicheka.

Akaendelea, kidole juu. Ile 550 si kilo, ni pauni, ukigeuza inakuja kama kilo mia mbili na hamsini. Na hapo ni kamba mpya, halisi, mzigo umetulia. Ukipiga fundo, nguvu inapungua. Mzigo ukishtuka au ukidondoka, kamba inavutwa maradufu na zaidi. Ukiikaza kama waya halafu ukaning'inia katikati, inavutwa kuliko uzito wako wenyewe. Ikikaa juani inachoka. Ikikwaruzwa na zege ganda linakwenda. Kule golini tuliponea kwa sababu tulitulia, wala hatukuteleza.

"Nani alifunga?" akaniuliza.

Nikasema, "Hamza."

Nimerudia! Hakuna aliyenilazimisha, sikuwa nimeshikwa na mtu, nikarudia!

Mwalimu akanitazama, kidole kikashuka. "Hamza? Hamza huyuhuyu uliyekuwa unamfungia kamba za viatu?"

Akanirudishia kitanzi mkononi, akaondoka. Hata kunichapa hakunichapa.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Hamza. Yuko kibarazani, cherehani inakwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo? Mama yako hakupi chakula?"

"Mama, ile kamba nilifunga mie."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama.

"Unasemaje?"

"Nilifunga mie. Yeye aliuliza kama inabeba. Mie ndo nilimwambia apande. Sikumkataza."

Mkono wake ukabaki umekandamiza kitambaa. Nilitamani anitupie mkasi.

"Mwanangu nilimtukana," akasema taratibu. "Yuko na bandeji, namtukana. Namwambia mwenzio mwenye akili kakukataza. Na hakusema neno. Mbona hakusema?"

"Sijui mama."

"Jumamosi unakuja na mie Tegeta. Utayasema haya mbele yake. Na sitaki uchekeshe mtu."

Jumamosi tukaenda. Kwenye daladala alikaa kiti cha mbele, mie nyuma.

Kwa mjomba ni nyumba mpya, haijapigwa plasta, mbele pana kiwanja cha mchanga. Hamza tulimkuta humo, anachezesha mpira wa watoto wa jirani. Ana filimbi shingoni na kadi ya njano aliyokata kwenye boksi. Refa! Mkono umejikunja ubavuni, filimbi anaipuliza vizuri tu. Wale watoto wanamwogopa kweli.

Mama yake akamwita. Nikasema yote, palepale juani, mjomba anasikia, watoto wameacha mpira wanasikia. Sikuchekesha. Nilimaliza kwa kusema, "Nisamehe, kaka."

Mama yake akamshika kichwa, akakilaza begani kwake, akawa anamnong'oneza. Hamza akamwachia. Kisha akajitoa taratibu, akanigeukia.

"Mie nilikungoja," akasema. "Pale wodini. Mlango ukifunguka nasema huyo, anakuja kusema. Ndo maana sikumwambia mama. Nilitaka useme wewe. Ukaja ukaiga nzi."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Mie nilikuwa naumwa." Akaifuta filimbi kwenye fulana. "Sina hasira na wewe. Ila singoji tena."

Akarudi uwanjani, akapuliza.

Mjomba akaniletea maji. Nikakaa juu ya matofali, nikautazama ule mpira wa watoto mpaka ukaisha. Mara moja mtoto mmoja alianguka kwa mbwembwe, akapewa kadi, akajigaragaza kama samaki. Wote wakacheka. Hamza akacheka kicheko chake kilekile. Nilitaka kucheka naye, nikaona si changu.

Wenzangu mnaosoma, hasa nyie wa umri wangu mnaojiona mainjinia. Parakodi ni kamba nzuri. Fungia hema, fungia mzigo, anikia nguo, suka bangili umpe unayemtaka. Usimning'inize mtu kwayo, wala usiitelezeshe juu ya kamba nyingine, hata kama imeandikwa namba ndefu kuliko ya simu. Mwalimu akieleza, nyamaza, utamwigiza akishamaliza.

Na kama umeshamwangusha mtu, sema. Usisubiri ujasiri uje, hauji. Sema siku ileile, sauti ikitetemeka, kamasi zikikutoka, wakati mwenzio bado anakungoja.