Petroli ya Pampu ya Vitunguu

Ujinga wangu niutaje mwenyewe kabla jirani hajaniwahi. Jumapili moja ya kiangazi niliingiza mpira kwenye tangi la pampu ya kumwagilia, nikavuta kwa mdomo mpaka petroli ikanigusa ulimi, nikaihamishia yote kwenye jenereta ili nitazame mbio za magari kwenye televisheni. Pampu haikuwa yangu. Ilikuwa ya wanawake wawili, mke wangu na jirani yetu, walioinunua pamoja kwa ajili ya vitunguu vyao bondeni. Kati yao kulikuwa na sheria moja tu: anayemaliza zamu anairudisha pampu tangi likiwa limejaa. Haikuandikwa popote na haikuwahi kuvunjwa, mpaka nilipotokea mimi na mpira wangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaume hapa upande wa Ulemo waliofika Mwanza, waliofika Dar, wakarudi na hadithi. Mimi nikifika mnadani tu natamani kurudi. Kidato cha nne changu nimekitumia zaidi kwenye kiti kilicho mbele ya televisheni, na hapo nimezisoma mbio za langalanga kuliko nilivyowahi kuisoma fizikia. Mke wangu husema hajaona mtu mwingine anayejua kueleza jinsi matairi manne yanavyobadilishwa kufumba na kufumbua, huku akishindwa kuziba pancha ya baiskeli yake. Anazidisha. Baiskeli sina.

Basi siku hiyo umeme ulikatika mbio zikikaribia kuanza, na jenereta lilikuwa kavu. Wanawake walikuwa hawajarudi kutoka kanisani. Pampu ilikuwa imeegemea ukuta, imejaa, ikisubiri zamu ya jirani kesho yake asubuhi. Nikajiambia nitarudishia jioni.

Waliporudi, wakakaa kwenye mkeka wakichambua mchicha, magari yakiwa yanazunguka. Jirani huyu alishamfanya mke wangu dada yake, na mimi shemeji wa kutaniwa. Akauliza petroli nimeitoa wapi. Nikamwambia nilikuwa nayo.

Kijana ninayemshabikia alishinda. Sijamaliza kujipongeza, kana kwamba nilikuwa nimelisukuma lile gari mwenyewe, wakatangaza wamemnyang'anya ushindi. Sheria yao inataka gari likimaliza mbio liwe limebakiza petroli kidogo tangini, lita moja tu, ili wakubwa wa mashindano waichukue sampuli, waipime, waone kama ni ile ile waliyoiidhinisha mwanzoni. Yeye hakubakiza ya kutosha. Hakuna aliyesema ametia kitu kibaya. Tangi tu lilikuwa limekaukiwa.

Nilipandisha hasira nusura niipige televisheni teke. Nikasema hao si waamuzi, ni wachawi. Mtu amekimbia vizuri, ameshinda mbele ya macho ya watu, halafu anahukumiwa kwa kilichobaki kwenye sufuria badala ya chakula alichopika.

Jirani akauliza bila kuinua macho kwenye mchicha, “Sasa kama hakubakiza, watajuaje alikuwa anatumia nini?”

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, yanataka shule kidogo. Akacheka, akasema haya, msomi.

Jioni ile ndiyo ilipaswa niende kituo cha mafuta cha barabara kuu. Kwenda ni kutafuta bodaboda, kubeba kidumu, kusalimiana na watu. Nikaona ni safari. Hapo karibu na kisima yupo kijana anayeuza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa, amezipanga juu ya meza zikipigwa jua kama maembe. Kila mtu anajua huwa anaichakachua kwa mafuta ya taa. Tunajua, tunanunua, tukikohoa na pikipiki zetu tunasema ni vumbi. Nilinunua. Nikajaza tangi mpaka shingoni, na nikajiona mwaminifu.

Asubuhi jirani akaipeleka pampu bondeni. Iliwaka kwa taabu, ikawa inagonga na kutoa moshi mzito, lakini maji yalikuwa yanatoka, na mwenye vitunguu akiona maji hasikii kitu kingine. Vitunguu vilikuwa vinaanza kujaza vichwa. Aliyewahi kulima anaelewa: vikikosa maji hapo, utavuna vitu vya ukubwa wa gololi, na mwaka umeisha. Kabla ya saa sita pampu ikaunguruma mara moja, ikakaza, ikanyamaza. Kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika.

Pampu ikarudishwa kwetu, na fundi alipofungua kifuniko cha tangi hakuhitaji hata kuinama. Akaniambia, “Mzee, hii ukiweka utambi inawaka kama kibatari.” Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania, na kifaa chake mpaka kitoke Singida mjini. Akauliza ayamwage wapi mafuta yaliyobaki. Na mimi, mwenye akili ya kutotupa kitu, nikamwonyesha mchwa waliokuwa wanapanda kwenye mwimo wa mlango wetu. Akawamwagia yote. Chupa nikaisuuza, nikampa mke wangu aweke maji.

Halafu nikaenda kwa muuza chupa nikiwa nimevimba. Safari hii sikuona uvivu.

Hakuna kinachoudhi kama mwizi mwenye adabu. Aliniona kwa mbali akasimama, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili, akanivutia kigoda. Nilikataa kukaa. Nilisema yote, na nilisema kwa sauti, na watu wakasogea. Yeye akasubiri nimalize. Kisha akasema kwa upole, akiwageukia watu, “Mzee wangu, mimi sikatai. Lete hayo uliyonunua kwangu tuyanuse hapa wote.”

Mafuta yalikuwa kwenye mchwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Naye akauliza kwanza kabisa, mafuta yako wapi. Nikamweleza habari ya fundi, harufu, moshi. Akajikuna shavu, akasema fundi naye anaishi kwa pampu zilizoharibika, kwa hiyo neno lake peke yake halitoshi, na bila mafuta yenyewe yeye atasema nini. Nikamwambia aende tu akazinuse chupa zilizopo mezani. Akaahidi kwenda. Alipofika, nadhani petroli ile ilikuwa safi kuliko ya kituoni, maana habari hapa kwetu hutembea kwa miguu yenye haraka.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira isiyo na pa kukaa, na mpaka leo sehemu yake ninayo. Hebu fikiria. Kuna gari linazunguka na kuzunguka, likimaliza linarudi pale pale lilipoanzia, halikubeba hata debe la mahindi. Hilo petroli yake inachunguzwa na wataalamu wenye mashine, tone kwa tone, kama damu ya mgonjwa. Wameiwekea sheria hata ubaridi wake, usipite kiasi. Siku hizi wanataka hata isiwe ya kuchimbwa ardhini. Lakini pampu inayolisha watoto, pikipiki inayompeleka mjamzito zahanati, hizo zinyweshwe chochote kutoka kwenye chupa iliyowahi kuwa na maji, na anayelalamika aulizwe ushahidi kwa adabu. Ni nani aliyeamua kwamba mchezo ndio uchungwe na maisha yaachwe? Natamani wale waamuzi niliowaita wachawi washuke hapa siku moja tu, na mashine zao, wasimame mbele ya ile meza. Ningewachinjia kuku.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: kwa nini tangi lilihitaji kujazwa, wakati yeye alilijaza Jumamosi kwa mafuta ya kituoni, akalifunga kwa mkono wake? Mpira ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari, unanuka. Hakunigombeza. Alikwenda kwa jirani mwenyewe akamweleza, maana sheria ilikuwa ya kwao, na ilivunjiwa nyumbani kwake. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Tukamwagilia kwa ndoo. Kifaa kilichelewa, jua halikuchelewa. Mimi ambaye bonde nilikuwa naliona kwa mbali kama picha, nikalijua jiwe kwa jiwe. Tulianza na majaruba yaliyo karibu na kisima cha bondeni. Yale ya juu, ya wanawake wote wawili, majani yalianza kuwa ya njano nchani, kisha yakalala. Tulikubaliana kuyaacha. Tuliyapita tu na ndoo zetu kama unavyoupita msiba usio wako, ilhali ulikuwa wetu.

Siku moja mgongo ulikataa. Nikaweka ndoo chini katikati ya njia, nikaanza tena hotuba yangu: muuza chupa, mwenyekiti, waamuzi, yule kijana wangu aliyenyang'anywa ushindi bila kuthibitishiwa kosa, kwamba mimi na yeye tumeonewa kwa jambo lile lile. Jirani alikuwa nyuma yangu, ndoo kichwani, njia nimeiziba. Alinisikiliza kidogo, maji yakimchuruzikia shingoni. Kisha akasema:

“Shemeji, mzungu wako alipoteza kikombe chake mwenyewe. Wewe umepoteza vitunguu vyetu. Beba ndoo.”