Kitambaa cha Papaine na Kifua cha Jokébed

Lusenge hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata hayo machache alikuwa akiyatoa kwa shida. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake huko Beni ilikuwa moja tu: kuunda fremu za kukaushia papaine. Papaine ni maziwa ya papai. Hukaushwa, husagwa, huchekechwa kwenye kitambaa chembamba sana mpaka iwe unga, kisha husafirishwa mbali ikalainishe nyama za watu wenye meno mazuri kuliko yetu. Mkewe, Jokébed, ambaye kwa jina la mtoto wao aliitwa Mama Ésaïe, alikuwa mmoja wa wanawake waliochekecha unga huo, na unga ulimwingia kifuani. Vita vya mwaka 1998 vilipofunga biashara, tayari alikuwa na pumu ya kumkalisha chini kila hatua thelathini.

Wakapanda Butembo, kwa watu wa ukoo wao, wakapata nyumba kando ya barabara ya malori. Butembo ni baridi. Jioni kila mtu huingiza ndani mbabula yenye makala, yaani jiko la makaa, na miaka ile madirisha yalifungwa mapema kwa kuogopa askari. Yalibaki matundu ya hewa, juu ukutani. Ukiyaziba, moshi wa makala unakumaliza. Ukiyaacha wazi, vumbi jekundu linaingia na kutua kwenye sahani, kwenye shuka, hata kwenye ulimi. Kwa wengine ilikuwa kero. Kwa Jokébed ilikuwa kuchagua kifo chake, maana dawa ya kupuliza kooni ilikuwa imekwisha katika kila famasi.

Lusenge naye, bila kazi, alikaa mwaka mzima kwenye kigoda akitazama ukuta. Nasema ukuta kweli, ule wa matundu. Asubuhi moja akasimama, akachukua ubua akaanza kupima. Hakuna matundu mawili yaliyolingana, kwa sababu waashi wa Butembo hupima kwa jicho na hawapendi kuulizwa. Basi akaunda fremu ya vipande viwili, kimoja kikiteleza ndani ya kingine kama kiberiti, na pembezoni akafunga ukanda wa mpira wa baiskeli. Ukiivuta inapanuka, ukiisukuma inapungua, na tundu lolote inalishika. Katikati hutandazwa kitambaa cha kuchuja, ambacho unaweza kukitoa ukakifua.

Kitambaa chenyewe alikuwa nacho sandukuni, mita nne za kile cha papaine alizotoka nazo Beni. Mkoa mzima haukuwa na nguo yenye nyuzi nyembamba kama zile. Alikiosha mara tatu kwa maji baridi, kama walivyofundishwa, kwa kuwa kule kiwandani aliyetia kitambaa kwenye maji ya moto alifukuzwa siku hiyohiyo. Akakiweka kwao. Jirani yao Marie-Jeanne alipotamani fremu kama ile, Lusenge alimtengenezea kwa chandarua kikuukuu na kipande cha kikwembe. Kilicho bora kilikuwa cha mkewe.

Baada ya wiki alikitoa akakipeleka juani. Kilikuwa chekundu, kizito, na ukikikunja kinaacha alama mkononi. Alisimama uani akiwa amepigwa na butwaa. Haya yote yalikuwa yakielea ndani ya hewa ambayo yeye aliiona tupu! Na kifua cha mtu kinayachuja tangu siku ya kuzaliwa, bila mapumziko, bila mtu wa kukitoa na kukifua. Alijishika mbavu kwa vidole, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akaona haya kwamba hajawahi kushukuru hata moja.

Lakini Jokébed alizidiwa. Lusenge akaongeza tabaka la pili la kitambaa, naye akazidiwa zaidi. Wiki ya tatu midomo yake ilikuwa ya kijivu, na mchungaji alipokuja kuomba alitumia ile sauti ya chini inayotisha kuliko ugonjwa.

Siku hizo Marie-Jeanne aliitwa msibani Vuhovi, akamwomba Jokébed alale kwake ili nyumba isibaki tupu. Siku ya pili Lusenge alimpelekea makala, akamkuta akimenya maharage na kuimba, tena ubeti mzima. Alibaki mlangoni. Barabara ilikuwa ileile, vumbi lilelile, mbabula ileile. Kilichotofautiana ni kitambaa tu.

Alirudi kwao mbio, akang'oa kile kitambaa, akakikung'uta juu ya mfuniko mweusi wa sufuria. Pamoja na vumbi jekundu ukaanguka unga mweupe, laini mno. Ndipo alipoelewa kwa nini kule walikatazwa maji ya moto: moto unaua papaine. Maji baridi yaliiacha hai kwenye nyuzi, naye akamtundikia mkewe juu ya kitanda, kwa mikono yake, ugonjwa uleule waliokuwa wameukimbia. Alikichemsha saa nzima, akakianika, akarudi kwa Marie-Jeanne kumwambia mkewe.

“Mama Ésaïe, ni mimi nilikuwa nakuua. Ile kitambaa iko na papaine. Niliiosha na maji ya baridi, kama kule Beni.”

Jokébed aliendelea kumenya. “Najua.”

“Unajua tangu wakati gani?”

“Tangu siku ya kwanza. Harufu yake, nilikala ndani yake myaka tisa.”

“Mais juu ya nini haukusema?”

“Mwaka muzima ulikuwa unaangaliaka tu ukuta, Baba Ésaïe. Ile siku ukasimama. Nikasema, acha asimame kwanza, donc kifua kitazoea.”

Lusenge aliketi kando yake. Alichukua maganda mawili matatu ya maharage, yakamshinda kufungua. Alikuwa amestaajabia vumbi, amestaajabia mbavu, na hapo akaona kwamba bado alikuwa hajaona kitu.

Kabla jua halijazama alileta kitambaa kikiwa kikavu, akamwekea mapajani. “Nusa,” alisema. “Na safari hii useme kweli.”

Jokébed alinusa pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, huku mumewe amemkazia macho. Alipomaliza ya nne alikikunja.

“Hakuna kitu,” alisema. “Enda uweke.”