Nukta ya Saa Moja

Kwenye grafu niliyompelekea mkuu wangu wa kitengo, maji ya kisima yalianza kupanda saa sita kabla pampu haijazimwa. Aliitazama, akavua miwani.

"Hongera, mhandisi. Umetupatia kisima kinachojaa huku kikinyonywa. Tukiuze nje."

Kisima chenyewe kiko mbele ya Zuzu, kwenye kijiji ambacho wanawake wake huchimba mchanga wa korongo kupata maji. Tulikipima kwa siku moja: pampu ivute kuanzia alfajiri hadi mchana, kisha izimwe, maji yaachwe yarudi. Kabla ya kuvuta yalikuwa mita 19 kutoka juu. Sharti lilikuwa kwamba ndani ya muda wa saa tano tangu pampu kuzimwa, yawe yamepanda angalau hadi mita 22. Yasipofika, kisima kinafukiwa.

Fundi wa pampu aliandika saa ya kuwasha na ya kuzima kwa kutazama simu: 6:00 na 14:00. Mpimaji, mzee wa Kigogo aliyekuwa akiteremsha futi ya kupimia kina kisimani kila saa, aliandika kwenye fomu yake. Mimi nilikaa ofisini, nikaingiza karatasi zote mbili kwenye kompyuta kama zilivyo.

Nikampigia mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Pampu ilizimwa saa ngapi?"

"Saa nane. Si nimeandika?"

"Umeandika 8:00."

"Sasa huko kwenu mjini saa nane inaandikwaje?"

Nimekula chakula cha mchana saa saba maisha yangu yote. Lakini 8:00 ilipokuwa kwenye kompyuta niliisoma kuwa asubuhi.

Nilirekebisha saa zake zote na grafu ikakaa sawa. Maji yalishuka, yakageuka saa nane mchana, yakaanza kurudi. Saa kumi na mbili jioni yalikuwa yamefika mita 25.

Ikabaki nukta moja. Pembeni mwa fomu, nje ya jedwali, mzee aliandika "1:00 – 22". Nafasi ya saa moja asubuhi ilikuwa tupu, na ya saa moja jioni pia. Kama ni ya jioni, kisima kimefaulu. Kama ni ya asubuhi, ni kipimo cha kawaida cha maji yanapoanza kushuka, na cha jioni hatunacho. Nilijaribu kuiweka pande zote mbili. Mstari wa grafu uliipitia sawasawa kotekote.

Nikampigia tena.

"Nilipima zote mbili," alisema. "Asubuhi fomu ilikuwa bado imo garini, niliandika kwanza kiganjani. Jioni sikuiona mistari vizuri. Pembeni ningeweza kuandika yoyote."

"Ukiniambia jioni, nitaandika jioni."

"Mke wangu anachota kwenye lile korongo, mwanangu. Ningependa iwe jioni. Lakini sikumbuki."

Kupima upya hakukuwezekana. Jenereta na pampu vilikuwa vimeshapelekwa Kondoa.

Mkuu wangu ana utaratibu wake: kipimo chenye shaka huchorwa duara tupu, hakifutwi. Nilichora maduara mawili kwenye mita 22, moja saa moja asubuhi na jingine saa moja jioni, nikaandika chini kwamba kipimo ni kimoja tu.

Jana kamati inayoamua kama kisima kifukiwe iliirudisha ripoti. Wanauliza duara lipi lifutwe.