Nilimpokonya bibi wa Kiswidi kitambaa cha kufutia kioo cha moto

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi sijaongeza. Mnisamehe nikirukaruka, maana hadi naandika hapa kichwa hakijatulia.

Mimi ni mtoto wa Korogwe, naishi Husby, nafanya usafi kwenye nyumba za watu hapa Stockholm. Bado niko kwenye muda wa majaribio, na kibali changu cha kuishi kinategemea kazi hii. Mteja mmoja akinikataa, mambo yanaweza kuharibika yote.

Nikapangiwa kwa bibi mmoja mjane, Gunvor, anaishi peke yake.

Sebuleni kwake kuna moto wa gesi nyuma ya kioo. Hapo ndipo nilipoanza kuwa confused. Kuni zinawaka lakini haziishi. Kumbe ni pambo tu, zimetengenezwa kwa udongo. Majivu hakuna. Mimi moto usio na majivu nauonea wapi?

Kioo kilikuwa na ukungu mweupe. Kwa kuwa wakati huo moto ulikuwa umeshazimwa na kioo kimepoa, nikafuta. Nikafuta tena. Ukungu uko palepale. Nikaanza kuyatilia shaka macho yangu.

Bibi alikuwa ananitazama tu kutoka kwenye kiti. Mwishowe akasema ukungu uko upande wa ndani, unaletwa na gesi yenyewe, na kuufuta ni kazi yake.

Nikajua ananitania.

Wiki iliyofuata nikakuta amefunga gesi tangu asubuhi. Akaniomba nimsaidie kukitoa kile kioo na kukilaza juu ya blanketi sakafuni. Halafu akapiga magoti. Akapaka dawa yake maalumu, maana ile ya madirisha inakiharibu kioo cha aina hiyo, akaanza kusugua taratibu huku anahema.

Na mimi nimesimama.

Wakuu, jiwekeni kwenye nafasi yangu. Kijana mzima, nimeletwa kusafisha, namwangalia bibi wa umri wa kumzaa mama yangu akisugua chini. Mimi ambaye nyumbani nimemwekea mama dada wa kazi ili asiguse hata sufuria! Niliona aibu hadi jasho likanitoka.

Nikakichukua kile kitambaa mkononi mwake. Kwa upole kabisa. Nikamwambia, "Bibi, pumzika, nitamalizia."

Uso ukamwiva.

"Jag kan själv," akasema. Yaani naweza mwenyewe. Kisha akaniambia niende nyumbani.

Jioni akanipigia msimamizi wetu, Mercy, Mkenya.

"Wewe, ulimfanyia nini huyo shosho?"

"Nilimsaidia."

"Anasema ulimnyang'anya kitambaa."

"Nilimsaidia, dada Mercy. Ni mtu mzima yule."

"Aki mimi pia sielewi. Lakini amesema urudi Alhamisi, anataka kukuambia kitu. Enda tu, na usibishane na yeye."

Ikabidi nisubiri. Nikawa najiuliza, mtu anaweza kweli kufukuzwa kazi kwa sababu ya adabu?

Alhamisi nikamkuta ametenga kahawa. Kioo bado kimelala sakafuni, kimefutwa nusu.

"Binti yangu anataka nihamie nyumba ya wazee," akasema. "Kila akija anauliza nani amefanya nini. Madirisha ni wewe. Sakafu ni wewe. Kioo ni mimi. Ukinichukulia na kioo, nitamjibu nini?"

Nikamwomba radhi.

Akapiga magoti, akaendelea. Mimi nikatia mikono mfukoni, maana ilikuwa inaniwasha. Kona moja aliiacha na ukungu. Niliiona, nikanyamaza. Tukakirudisha kioo mahali pake, akawasha moto, akaketi kuutazama kama mwenye nyumba.

Kwenye treni ya kurudi Husby nikamkumbuka mama. Ameshawafukuza wadada wa kazi wawili. Sisi watoto tukasema ni ubishi wa uzee tu.

Nikampigia. "Mama, huyu dada mpya, unataka akuachie kazi gani?"

Akajibu kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo.

"Chai ya asubuhi," akasema. "Nimechoka kupikiwa chai kama mgonjwa."

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumpumzisha mtu hadi ukamwondoa nyumbani kwake. Ila sitawadanganya, bado nimechanganyikiwa. Kila nikimwona yule bibi amepiga magoti, mikono inanitoka mfukoni yenyewe.

Wenye wazazi nyumbani, waulizeni swali hilohilo leo, mje mniambie wamejibu nini.