Programu iligawa shamba la Kikima kwa kufuata mtaro wa mwethya: yaliyonikuta mimi survey technician

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma nyuzi za AI hapa mpaka nimechoka. Kuna wanaosema itatufuta kazi sote, na kuna wale wanaoitetea kama shemeji yao. Mimi sina upande. Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu huko Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, bila kutia chumvi. Majina nimebadilisha, maana hawa ni watu wanaosali kanisa moja na wataendelea kusali hapo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili, survey technician, niko na diploma na miaka ya kutosha ya kuchomwa na jua. Nimezaliwa Tulia, naishi Kitui town. Nafanya kazi kwa surveyor mwenye leseni, hapa nitamwita Bosi. Mimi naenda shambani, napima, nachora. Yeye anakagua na kuweka muhuri wake.

Sasa, Bosi alinunua drone. Pamoja nayo akalipia programu ya AI.

Ile programu unaipa picha za drone, inatambua yenyewe nyumba, barabara, ua na kila mstari ulioko ardhini. Ukiiambia igawe shamba mara mbili sawasawa, inagawa kabla chai yako haijapoa. Halafu kuna nyingine ya kuandika ripoti. Kimombo chake kimenyooka kuliko changu.

Sitawadanganya, niliipenda. Hesabu ambazo zilikuwa zinanitoa jasho siku nzima zilikuwa zinaisha kabla ya lunch.

Lakini baada ya muda Bosi akawaita vijana wetu wawili wa field, Mutisya na mwenzake, wale wa kushika prism, kile kioo cha kupimia, na kupiga vigingi. Akawaambia waende nyumbani, watapigiwa simu. Wakenya tunajua maana ya hiyo sentensi. Mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa najua kubonyeza.

Basi ikaja kazi ya Kikima.

Mteja anaitwa Kioko, anafanya kazi Athi River. Baba yake alikufa, mambo ya urithi yakaisha kortini, ikabaki kugawa shamba kwa watu wawili: yeye Kioko, na Mama Mutheu, mke wa marehemu ndugu yake.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko kama mashamba mengi ya Mbooni. Juu kuna barabara, chini kuna kijito. Kioko hajajenga, amepanda tu avocado. Mama Mutheu ndiye anaishi pale. Nyumba yake iko juu karibu na barabara, na chini kabisa kando ya kijito ana bustani ya sukuma wiki na vitunguu, anayouza soko ya Kikima. Hiyo bustani ndiyo imesomesha watoto wake tangu bwanake afe. Hana kazi nyingine. Shikeni hapo.

Bosi alipita Kikima siku moja akielekea kwingine, akarusha drone, akaondoka bila kuongea na mtu. Picha akanitumia mimi. Yeye akaenda Tseikuru kwa kazi kubwa ya ardhi ya jamii, mahali ambapo network huja ikitaka.

Nikaipa programu picha. Ikachora mstari mmoja safi katikati ya shamba, kipande cha juu na kipande cha chini, ekari sawasawa. Cha juu, chenye nyumba, kikawa cha Mama Mutheu. Cha chini, chenye kijito, kikawa cha Kioko, na kwa sababu hakikuwa na njia, ikamchorea kabarabara pembeni.

Rangi zilikuwa za kupendeza ajabu.

Lakini kuna kitu kilinikwaruza. Nimepima vilima vya kutosha, na kule wazee waligawa mashamba kutoka juu kushuka chini, ili kila mtoto apate barabara na apate maji. Mstari wa kukata mlima kwa upana si kawaida.

Nikakuza picha. Ule mstari haukuishia kwa hawa watu. Uliendelea shamba la jirani wa kushoto, na la jirani wa kulia, umefuata kilima kama mshipi. Sasa wewe niambie, mpaka wa ndugu wawili unaenda kufanya nini kwa jirani?

Ilikuwa terrace. Mtaro wa fanya juu wa kuzuia udongo usibebwe na mvua. Programu ilitafuta mstari ulioonekana vizuri kuliko yote, ikaupata, ikauita mpaka. Kama kulikuwa na mpaka mwingine, basi ulikuwa umefunikwa na ile avocado.

Halafu nikafungua ripoti. Imeandikwa, na natafsiri, kwamba mipaka ilikaguliwa shambani mbele ya wenye shamba na majirani, na wote wakaridhika. Aliyekagua: mimi. Majina yangu yote matatu.

Wakuu, nilikuwa sijawahi kukanyaga hilo shamba.

Nikaiuliza ile programu ya ripoti, haya maneno umetoa wapi? Ikaniomba msamaha kwa adabu kuliko wanaume wengi ninaowajua. Halafu ikauliza kama ningependa iongeze majina ya majirani ili ripoti iwe na nguvu zaidi! Nilifunga laptop nikatoka nje kupunga hewa. Nilikasirika kweli.

Nikampigia Bosi mpaka akapatikana.

"Ekari ziko sawa?" akaniuliza.

"Ziko sawa. Lakini mpaka..."

"Basi shida iko wapi? Kioko anakuja Saturday kutoka Athi River, familia yote itakuwa. Peleka, wasaini. Kama kuna mtu ako na shida si atasema?"

Simu ikakatika. Sijui kama ni network au ni yeye.

Hapo nilikaa nikafikiri. Nikikataa, watoto wangu nao wanakula. Nikienda nikanyamaza, yule mama atasaini na akishasaini, kumrudishia maji yake ni kesi ya miaka.

Nikaamua hivi. Mchoro nitaupeleka. Ile ripoti sitaiprint. Na nitabeba GPS ya kupimia na gunia la vigingi. Nikampigia Mutisya, nikamwambia sina ahadi yoyote ya Bosi, ni mimi tu namwomba. Akacheka, akasema heri hiyo simu imekuja ingawa si ya yule aliyeahidi.

Jumamosi tukafika. Viti vimepangwa uani, kuna sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kuna chai. Mzee wa kanisa akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya teknolojia.

Kioko akaufungua mchoro mezani. Ni mtu mpole, shati safi, mwenye haraka ya kurudi kazini.

"Hii imefanywa na computer," akawaambia. "Hakuna binadamu ameguza. Kwa hivyo hakuna mtu atasema ameonewa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi namwelewa. Familia ngapi zimekatana na panga kwa sababu ya surveyor aliyekula chai upande mmoja? Kwake yeye, mashine isiyojua mtu ndiyo haki yenyewe.

Mama Mutheu akauliza swali moja tu. "Ziko sawa?"

"Sawa kabisa."

Akachukua biro.

"Mwaitu, ngoja kidogo," nikasema. Kwetu mama wa umri ule huwezi kumwita madam. "Kwa hii karatasi, shamba yako inaishia wapi?"

"Inaishia kwa mto."

"Nionyeshe."

Akaigeuza karatasi hivi, akaigeuza vile, akacheka. "Mwanangu, mimi sijui kusoma hii maua yenu."

Kioko akanitazama. "Madam, umetumwa kusainisha watu ama kuuliza maswali?"

"Vyote viwili," nikamjibu. Kuuliza si ujinga, na siku hiyo nilikuwa tayari kuonekana mjinga.

Nikawaomba jambo dogo: kabla ya kusaini, tuweke ule mstari kwenye ardhi wauone. Mzee wa kanisa akasema si vibaya, muthokoi bado haijaiva vizuri. Tukainuka wote.

Mimi nasoma GPS, Mutisya anapiga vigingi. Kigingi cha kwanza watu walikuwa wanapiga stori. Cha pili mtu akauliza kwani tunaenda wapi. Cha tatu kikaingia juu ya ukingo wa mtaro, chini kidogo ya nyumba ya Mama Mutheu, na stori zikaisha.

Nyumba upande huu. Bustani, kijito, mitungi yake ya maji, upande ule.

Akasimama pale akiangalia kamba tuliyovuta. "Sasa sukuma yangu iko kwa nani?"

Kwa kuwa ni kazi yangu, nikajibu mimi. "Kwa huu mchoro, mwaitu, iko kwa Baba Mwende." Baba Mwende ndiye Kioko.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alishuka mtaroni akaweka mkono kwenye ule ukingo.

"Hii mtaro ni mimi nilichimba," akasema. "Mimi na mwethya. Mutheu alikuwa kwa tumbo."

Kwa wasiotoka Ukambani, mwethya ni kile kikundi cha kijiji, wengi wao akina mama, mnalima na kuchimba kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho. Majirani wawili waliokuwa pale wakaitikia papo hapo. Mmoja akaonyesha kwa kidole: walianzia kwa shamba lake, wakapita hapa, wakaenda mpaka kule kwenye mkuyu, ili mvua isibebe udongo wa mtu yeyote.

"Tulichimba ya kila mtu," Mama Mutheu akasema. "Sasa jasho yangu ndiyo inaninyang'anya maji?"

Wakuu, nilisikia aibu ya kazi yangu. Si kwamba mimi ndiye nilichora, lakini ni mimi niliyekuwa nimebeba karatasi.

Kioko alianza, "Lakini computer..." akaishia hapo. Kuna watakaosema alijua tangu mwanzo. Mimi nilimwona uso, na nadhani alikuwa kama wengi wetu, ameona rangi nzuri akaamini.

Akaingia chini ya miti yake ya avocado, akaanza kusukuma majani kwa kiatu. Tukamfuata. Akapata kisiki cha mkonge. Mbele kidogo kingine. Vimeenda vikishuka kutoka barabarani kuelekea kijitoni.

"Baba alipanda hii makonge mimi nikibeba miche," akasema. "Alisema hapa ni yangu na hapa ni ya ndugu yangu."

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine pale aliyekumbuka ile mikonge.

Tukapima mimi na Mutisya, kisiki kwa kisiki. Na hapa ndipo penye ugumu: ekari hazikuwa sawa. Kipande cha Kioko kilitoka kidogo kuliko cha Mama Mutheu. Nikamwonyesha namba peke yake kwanza, nikamwambia kisheria wakikubaliana wanaweza kusogeza mpaka. Akaziangalia muda mrefu, ile haraka ya Athi River imeisha.

"Baba ndiye aligawa," akasema. Akarudi kule mtaroni, akang'oa vile vigingi vyangu kwa mikono yake.

Bosi aliporudi kutoka Tseikuru alianza kunifokea kwa kuchelewesha kazi. Sikubishana naye. Nilimfungulia tu ile ripoti. Alipofika kwenye "mbele ya majirani" akairudia kuisoma kwa kidole, maana chini yake palikuwa pameachwa nafasi ya muhuri wake. Mtu anaweza kupoteza leseni kwa sentensi moja kama hiyo. Hakuniomba msamaha, Bosi si wa hivyo, lakini wiki hiyo alimpigia Mutisya mwenyewe. Yule mwenzake alikuwa ameshafungua kinyozi na hakutaka kurudi.

AI bado tunaitumia, msije mkasema nimeikimbia. Inafanya hesabu, inapanga picha, inanionyesha mahali pa kutilia shaka. Binadamu pia nimewaona wakikosea kwa kalamu, tena vizuri sana. Ila sasa hakuna mchoro unaotoka ofisini kabla mtu hajautembea, na sentensi yoyote inayosema "nimeona" au "nimeuliza" inaandikwa na aliyeona na aliyeuliza. Mutisya anajifunza kubonyeza. Wanafunzi wa attachment wanaokuja kujifunza kazi nao, kabla ya laptop, wanaanza na gumboots. Wananung'unika, lakini wanaenda.

Tulirudi Kikima na mchoro mpya, wa mstari wa mikonge, na bikoni za mpaka tukazisimika. Nikamwelezea Mama Mutheu vizuri, hapa ni nyumba, hapa ni mto, yote yako. Nikampa biro.

Akaikunja karatasi, akaiweka mezani. "Twende kwanza," akasema.

Akatangulia mbele yetu sote. Kutoka barabarani mpaka kwenye maji, anagusa kila bikoni kwa mkono, Kioko nyuma yake, Bosi nyuma yao na viatu vyake vya ofisi. Aliporidhika ndipo akasaini, palepale bustanini.

Funzo langu ni hilo tu. Mashine inaweza kuchora mstari, lakini haiwezi kwenda kumuuliza mtu, na haitaitwa kortini. Anayeitwa ni mimi.

Walio kwenye survey, valuation, hata ujenzi, semeni huko kwenu mambo yako vipi. Mnaoniona mshamba pia karibuni, nina ngozi ngumu. Na wewe uliyesaini kwamba umekagua shamba ambalo hujawahi kulikanyaga, sikuulizi jina. Nenda tu Jumamosi hii, kabla mwenye shamba hajasaini.