Alama ya Kupumzika

Jana, katika duka moja hapa mtaani Al Barsha, nilinusa wino mweusi wa Kijapani, nikamkumbuka baba. Aliuza vipuri vya magari kule mtaa wa Naif, na herufi chache za Kijapani alizijua kutoka kwenye maboksi ya vipuri hivyo.

"Huyu mtu, huu mti," aliniambia siku moja nikiwa mdogo, akichora 休 kwa wino kama huo kwenye kipande cha boksi. "Mtu akiegemea mti, anapumzika. Kule Japani hii hutundikwa mlangoni, siku duka limefungwa."

"Basi itundike Ijumaa, baba, twende bwawani Hatta."

"Inshallah, mwanangu."

Ijumaa mteja wa Mombasa alipiga simu, baba akaenda dukani. Mama na mimi tulipanda basi. Kule bwawani mama alimimina chai vikombe vitatu, kisha akairudisha ya kikombe kimoja kwenye chupa.

Sikumwomba baba tena.